Lehemu (kolesteroli) 6.4 na mimba ya wiki 26, niogope presha?

Mama Wawili Mtarajiwa:
Wakubwa shikamooni. Nina mimba ya pili, wiki 26. Nilipima damu maabara ya mtaani kwa kiherehere changu tu: lehemu 6.4, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 2.9, zote zimepigwa alama nyekundu. Presha kliniki ilisoma 128/82. Mimba ya kwanza nilipata kifafa cha mimba, nikapasuliwa wiki ya 35. Tangu majibu haya nimeacha mayai, parachichi, hata chapati, na mama mkwe ananinywesha maji ya kitunguu saumu kila asubuhi. Nifanyeje?

Mkunga Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hizo alama nyekundu ni za kipimo cha mtu asiye na mimba. Mjamzito mafuta ya damu hupanda, trigliseridi zinaweza kufika hata mara mbili au tatu ya kawaida yake, kwa sababu lehemu ndiyo mwili hutengenezea homoni za mimba. Ukishajifungua hushuka taratibu. Parachichi lirudishe mezani.

Kilichonishtua mimi ni hicho kifafa cha kwanza. Kliniki wanajua?

Kidume cha Kigamboni:
Ila mama, mafuta na presha ya mimba vinahusiana. Sisi tuliambiwa trigliseridi zikiwa juu sana, hatari inaongezeka.

Mkunga Mstaafu:
Huonekana pamoja, ndiyo, hasa kwa wenye unene au kisukari. Lakini kifafa cha mimba chenyewe ni ugonjwa unaoanzia kwenye kondo la nyuma, hauanzii kwenye chapati. Aliyewahi kuupata huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo, vizuri kabla ya wiki ya 16. Kwa wiki 26 aamue daktari, usikimbilie duka la dawa.

Kidume cha Kigamboni:
Hapo sawa mama. Mke wangu akiwa mjamzito alivimba, pete ikagoma kuvuka kidole, tukacheka tu. Siku ya tatu kichwa kikauma, panadol haifui dafu, akaanza kuona vimulimuli. Presha 160/110. Dada, ukiona hivyo, au maumivu chini ya mbavu za kulia, hata saa nane usiku ondoka.

Mkunga Mstaafu:
Na ikisoma 140/90, siku hiyohiyo hospitali.

Mama Wawili Mtarajiwa:
Nimefungua kadi sasa hivi. Kwenye mimba iliyopita wameandika "upasuaji", basi. Kliniki yangu ni Alhamisi.

Mkunga Mstaafu:
Nenda kesho. Usingoje waulize, na usiondoke hawajapima mkojo.