Tupeane uzoefu: mbwa au paka akifa, unamzikaje na unamuenzije?

Mama_Tukuyu: Wapendwa, ile picha ya paka wa kijivu aliyekufa, iliyowekwa humu jana, imewagusa wengi. Kila msiba wa aina hii watu wanababaika, mwili unatiwa kwenye salfeti na kutupwa jalalani kabla giza halijaingia, majuto yanafuata. Tupeane uzoefu, hasa sisi wa huku kwenye mvua na baridi. Naanza na picha. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo picha iliyobanwa kwenye kioo inagandia na kuota ukungu. Mwambie fundi wa fremu aweke ukingo wa karatasi ngumu kati ya picha na kioo. Na ukimtumia mwenye studio kwa WhatsApp, itume kama faili, siyo kama picha, maana inapunguzwa ubora. Kusafisha picha ya inchi 5 kwa 7 vizuri unahitaji kama pikseli 1,500 kwa 2,100.

Mnyalukolo: Kamwene. Kabla ya picha kuna saa mbili za kwanza. Mkunje miguu alale kama alivyozoea kulala, kwa sababu mwili unaanza kukakamaa ndani ya saa chache na ukishakakamaa usilazimishe, utavunja viungo. Mafinga mwezi wa saba ukakamavu unakawia kuja na unakawia kuondoka. Mtandikie magazeti chini ya mkia, kibofu kinalegea. Macho hayafungi yenyewe, hilo lisikutishe, ni kawaida yao.

Dada_Makambako: La macho ni kweli kabisa. Watoto waambiwe mapema.

Fundi_Soweto: Alama ya unyayo ichukuliwe saa hizohizo. Nunua unga wa jipsam, ule wa mafundi dari. Vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, mimina unga kwenye maji na siyo maji kwenye unga, la sivyo unapata madonge. Mimina kwenye mfuniko wa ndoo uliopakwa mafuta ya mgando, kina sentimita tatu. Punguza manyoya katikati ya vidole, paka mafuta, subiri mchanganyiko uwe kama uji mzito, kisha kandamiza na uinue wima. Ukiwahi, alama inajifunika. Ukichelewa, kunapasuka.

Mfinyanzi_Kyela: Jipsam ikikaa kwenye unyevu inabomoka, fundi. Bora udongo wa mfinyanzi. Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu miaka nenda rudi, na ukienda Matema unaukuta udongo umechomwa na haubomoki kwa mvua.

Fundi_Soweto: Mkuu, udongo unasinyaa ukikauka. Unyayo wa paka unatoka mdogo kuliko wenyewe. Mtu anataka ukubwa uleule.

Mfinyanzi_Kyela: Unasinyaa kidogo, sawa, lakini unadumu. Anika kivulini wiki nzima, usiguse jua, ndipo uchome. Jipsam yako ipake rangi ya mafuta basi, pande zote, hata chini.

Fundi_Soweto: Hapo tumeelewana.

Bibi_Parachichi: Wajukuu zangu, kaburi. Mbwa mkubwa chimba futi nne, paka tatu. Futi moja mnayochimba nyinyi vijana inafukuliwa usiku uleule na mbwa wa mitaani. Kaa mbali na kisima au mto, mita 30 angalau, na pasiwe bondeni maji yanapotuama. Mfunge kwenye kanga au blanketi la pamba. Salfeti na nailoni haziozi, mwili unabaki umefungiwa humo miaka. Udongo urudishe uwe kichuguu, sentimita 30 juu ya usawa, kwa sababu utashuka. Hapo ndipo watu wa Njombe na Rungwe wanapoharibu: wanapanda mparachichi juu kabisa, udongo unatitia, maji yanasimama, na mparachichi hauwezi kustahimili maji kwenye mizizi, unaoza. Halafu mwili unaooza unatoa amonia, inaunguza mizizi michanga. Panda pembeni, hatua moja kutoka ukingoni, mwezi wa kumi na moja mvua zikianza. Mizizi itafika yenyewe wakati wake.

Kaka_Iyunga: Shikamoo bibi. Chokaa je? Huku wanamwaga debe zima ili aoze haraka.

Bibi_Parachichi: Marahaba. Chokaa inapunguza harufu tu. Kuoza inakuchelewesha.

Kijana_Uyole: Mimi naona kaburi lipambwe na yale maua ya Kitulo. Unapanda juu asubuhi, jioni umerudi na miche.

Mama_Tukuyu: Mwanangu, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Ua haling'olewi.

Mnyalukolo: Na hata uking'oa, zile okidi, ndiyo maua yenyewe ya Kitulo, zinaishi kwa kutegemea kuvu waliomo kwenye udongo wa kule. Bustanini kwako inakauka. Panda maua ya bibi zetu yanayokubali baridi.

Kijana_Uyole: Sawa wakubwa, nimeelewa.

Jirani_Ipogolo: Samahani nakatisha mazungumzo. Hapa jirani mbwa wao kafa leo asubuhi. Siku mbili alikuwa mate yanamtoka, taya limelegea, sauti imekauka, anang'ata mbao za banda. Watoto wawili wamemkumbatia mpaka mwisho, mmoja ana kidonda mkononi. Sasa wanataka kumuogesha na kumvalisha mkanda wake ndipo wazike. Nawashauri nini?

Dada_Makambako: Jamani!

Mganga_Mifugo: Simamisha kila kitu. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Asiogeshwe, asishikwe mikono mitupu, na ule unyayo usichukuliwe. Watoto waoshwe sasa hivi kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili mkitazama saa, hasa kile kidonda, kisha hospitali leoleo hata kama hawakung'atwa. Mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni yanatosha kuambukiza. Sindano ya kwanza leo, zinarudiwa siku ya 3 na ya 7, zilizobaki daktari ataelekeza. Wasiridhike na moja. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kaka_Iyunga: Waweke pilipili na mafuta ya taa kwenye kidonda kwanza.

Mganga_Mifugo: Hapana kaka. Sabuni na maji. Pilipili inachubua nyama na kukifungulia njia kirusi. Jirani, mwite afisa mifugo wa kata kabla mwili haujazikwa. Kichwa kisipondwe, kipimo kinafanyika kwenye ubongo, na TVLA, wakala wa maabara ya mifugo, wana kituo hapohapo Iringa. Mwili ufunikwe, paka na mbwa wengine wafungiwe mbali.

Jirani_Ipogolo: Watoto wanaoshwa sasa. Mama yao anatafuta bodaboda. Nampigia afisa mifugo.

Dada_Makambako: Mungu awasimamie. Tupe taarifa.

Mnyalukolo: Nilitaka kushauri mbwa aliyebaki aruhusiwe kumnusa mwenzake, husaidia asizunguke kumtafuta. Sasa naongeza: ni kwa aliyekufa kwa uzee au ajali tu.

Mganga_Mifugo: Sahihi. Na aliyeuawa kwa huruma kwa sindano ya dawa ya pentobabito azikwe kina kirefu zaidi, nyama yake inaua atakayeila.

Kaka_Iyunga: Na aliyekufa kwa parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuharisha damu? Mkanda wake wa ngozi tunaweza kuutunza kumbukumbu?

Mganga_Mifugo: Wa nailoni loweka dakika kumi kwenye Jik, nusu kikombe kwa lita nne za maji, baada ya kuufua. Wa ngozi hauvumilii Jik na kirusi kinajificha kwenye mishono. Ufunge ndani ya chombo cha kioo, usifunguliwe mtoto wa mbwa akiwepo. Udongo wa banda nao unabaki na kirusi mwaka na zaidi, kwa hiyo mpya asikanyage pale mpaka amalize chanjo zake, ya mwisho akiwa na wiki 16.