Eti historia nimeisoma kwenye kanga!

Ndugu wanajukwaa, nimetukanwa leo hii na hasira hazijapoa. Yule bwana, ambaye simtaji kwa kuwa hata kuku wa jirani wanamfahamu, ameandika mbele ya kadamnasi kwamba kesi ya uhaini ya Aaron Burr, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani na akashtakiwa kwa kupanga vita dhidi ya nchi yake, iliyosikilizwa Richmond, Virginia, mwaka 1807, haikuguswa na siasa hata chembe, na kwamba mimi ninayepinga historia nimeisoma kwenye kanga. Kwenye kanga! Rais Thomas Jefferson alilitangazia Bunge la Marekani mwezi Januari kwamba hatia ya Burr haina shaka, ilhali kesi haijaanza, kisha akampelekea mwendesha mashtaka George Hay hati za msamaha zisizo na majina, ajaze mwenyewe kadiri atakavyopata mashahidi. Halafu anayeambiwa amesoma kwenye kanga ni mimi, na shemeji zangu wamo humu wanasoma!

Mtu wa Pwani: Pole sana mkuu, ila tutajie na jina la kanga yenyewe, tuwanunulie wake zetu.

Bi Mswahilina: Unamwandama Jefferson peke yake kwa nini? Jaji Mkuu John Marshall, hasimu wake wa kisiasa, alikula chakula nyumbani kwa John Wickham, wakili wa Burr, na Burr mwenyewe alikuwa miongoni mwa wageni. Niliposema hivyo humu, bwana huyo huyo aliniita mpishi.

Kibaraza: Dada, karamu haikumwachia huru mtu. Katiba inataka mashahidi wawili wa tendo moja la wazi, na watu wa njama hiyo walipokusanyika kwenye kisiwa cha Blennerhassett, mto Ohio, Desemba 1806, tendo lenyewe aliloshtakiwa nalo, Burr hakuwapo. Wazee wa baraza wangefanya nini?

Mwanzisha uzi: Naomba turejee kwenye kanga.

Kibaraza: Kanga isubiri.

Mzee Makofia: Kinachonikera mimi ni shahidi mkuu, Jenerali James Wilkinson, aliyekuwa akilipwa na Hispania kwa siri huku akiliongoza jeshi la Marekani, na aliyeifanyia marekebisho barua ya mafumbo, aliyotumiwa kwa jina la Burr kuhusu njama hiyo, kabla ya kuitoa kama ushahidi. Baraza la kuchunguza mashtaka nusura limshtaki yeye.

Bi Mswahilina: Na Jefferson aliendelea kumkumbatia! Mzee, huyo Wilkinson anastahili uzi wake, ufungue sasa hivi, nami nitaleta habari za Wahispania.