Tupeane uzoefu: umejenga gereji au deki Marekani ukakwama kwenye sheria za mpaka wa kiwanja?

Mzee wa Tepu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nipo Marekani, mji mdogo wenye baridi ya kutisha, nyumba ndiyo ya kwanza kununua, kiwanja kina upana wa futi 40 tu. Nataka gereji ya magari mawili kule nyuma. Miaka mitatu ya kukwangua barafu kwenye kioo kila alfajiri inanitosha.

Nimepeleka ramani ofisi ya ujenzi ya mji. Dada wa dirishani akaiwekea rula, akanirudishia. Gereji inatakiwa iachie futi 5 kutoka mpaka wa pembeni, mimi nimeacha 3. Kaniambia ama niipunguze, ama niombe "varianzi" mbele ya bodi.

Nilivyoelewa, varianzi ni kusamehewa sharti fulani la zoni (sheria za mji za nini kijengwe wapi) kwa kiwanja chako peke yake, wengine sheria inawabana vilevile. Ada unalipa kwanza na wakikukatalia hairudi. Kabla hela haijanitoka, waliopita njia hii leteni visa vyenu. Gereji, deki, kibanda cha zana, chochote. Mlisema nini mbele ya bodi, na jirani alisimama upande gani?

(Deki ninayoisema ni lile baraza la mbao la nyuma ya nyumba. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba huku deki inaombewa kibali, akashangaa: "Hata kupiga deki mnaomba serikali?")

MamaPacha

Mimi nilikataliwa kura tano kwa sifuri, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Nilitaka deki inayotoka mlango wa jikoni futi 14 kwenda nyuma. Sheria ya pale ni kuachia futi 25 kutoka mpaka wa nyuma, deki yangu ingeacha 19. Nikajiandaa kama naenda kuomba kazi. Nikawaeleza nina mapacha wa miaka miwili, nina mama mkwe ambaye goti linamsumbua na ngazi za nyuma zinamshinda, watoto hawana pa kuchezea. Nilikaribia kulia, na si kwa kuigiza.

Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa. Kisha akauliza swali moja: "Kiwanja chako kina tofauti gani na vya majirani zako?"

Nikabaki nimekodoa macho. Mtaa wetu mzima ni vimstatili vilivyokatwa siku moja na kampuni moja, vyote sawa kama matofali. Sikuwa na jibu.

Nikaja kuelewa baadaye, maana nilimfuata katibu wao nikiwa na hasira zangu. Varianzi ikitolewa inabaki na ardhi. Mimi nikiuza nyumba kesho, mapacha wakikua wakaondoka, deki inabaki pale futi 19 kutoka mpaka na mnunuzi anairithi halali yake. Ndiyo maana hawataki kusikia shida zako. Wanataka kusikia shida ya kiwanja: kimekaa mteremko, kina umbo la ajabu, kuna mwamba, kuna kinamasi. Na isiwe shida uliyojitengenezea mwenyewe.

Mwisho nilijenga deki ya futi 8, ambayo haikuhitaji ruhusa ya mtu, na kuanzia pale nikatandaza pevingi chini. Kwetu pevingi za usawa wa ardhi hazihesabiwi kama jengo. Mama mkwe anakaa hapo na chai yake. Ila ile ada bado inaniuma.

Bila Zoni

Sisi Houston hatuna zoni kabisa 😂 poleni sana.

Fundi Mbao

Bila Zoni, cheka taratibu. Houston haina zoni, lakini soma hati ya nyumba yako uone masharti ya mtaa yaliyoandikwa humo, na uangalie mistari ya ujenzi (ile usiyoruhusiwa kuivuka) kwenye ramani ya upimaji. Nimefanya kazi huko. Kuna mteja wangu alidhani kama wewe, chama cha wenye nyumba kikamwandikia barua kabla zege haijakauka.

Kona Mbili

Mimi nilishinda, nne kwa moja, na sababu ni hilo swali la MamaPacha. Kiwanja changu kiko kona.

Watu wanadhani kona ni bahati. Ni bahati mpaka siku unajenga. Sehemu nyingi kiwanja cha kona kinahesabiwa kina mbele mbili, na kila mbele inadai nafasi yake. Changu kina upana wa futi 50. Toa futi 25 upande wa barabara ya pili, toa 5 upande wa jirani, zinabaki 20 za kujengea. Wenzangu wa katikati ya mtaa wenye futi 50 zilezile wanatoa 5 huku na 5 kule, wanabaki na 40. Hiyo hesabu niliiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja nikaiweka mbele ya kila mjumbe. Nilitaka gereji ya futi 24, nikaomba nisamehewe futi 4 upande wa barabara.

Sikuishia hapo. Nilizunguka mtaa na tepu na kamera siku ya Jumapili, nikapiga picha gereji nane za zamani zilizo karibu na barabara kuliko yangu. Nyumba nyingi huku ni za miaka ya 1920, zimejengwa kabla mji haujaweka zoni. Kumbukeni haya mambo si ya kale sana: New York ndiyo ilianza na sheria ya zoni ya jiji zima mwaka 1916, na Mahakama Kuu ya Marekani ikabariki zoni mwaka 1926 kwenye kesi ya Euclid, kitongoji cha Ohio. Kwa hiyo ukikuta gereji ya bibi jirani yako imekaa mpakani kabisa, haikuvunja sheria, sheria ndiyo iliyoikuta pale. Ila chunga: kumwonyesha mjumbe gereji ya jirani si kusema "na mimi nipeni." Ni kuonyesha kwamba yako haitabadilisha sura ya mtaa. Nilimsikia mtu kabla yangu akilalamika "mbona fulani mlimpa," wakamjibu kila kiwanja kinaamuliwa kivyake.

Walinipa kwa masharti: paa lisizidi futi 15, maji ya paa yaishie kwangu, na nisigeuze gereji kuwa chumba cha kupangisha. Na nianze kujenga ndani ya mwaka mmoja, la sivyo ruhusa inakufa.

Aliyenipigia kura ya hapana nakutana naye dukani. Tunasalimiana.

Niko Minnesota

Wakuu, anayeishi jimbo letu asisome haya bila kujua kisa cha mji wa Minnetonka, maana ni cha gereji haswa.

Mwenye nyumba mmoja alikuwa na gereji ya zamani iliyosimama futi 17 kutoka mpaka wa mbele, wakati sheria inadai 50. Akaomba aiongezee ghorofa ya juu apate chumba cha yoga na kazi za mikono. Mji ukampa. Jirani akaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya jimbo, na mwaka 2010 majaji wakasema: sheria inadai kwamba bila varianzi huwezi kabisa kuitumia ardhi yako kwa namna ya maana. Gereji ilikuwa inatumika, gari linaingia na kutoka. Basi hakuna varianzi.

Fikirieni miji ilivyochanganyikiwa. Kwa kipimo hicho nani atapata? Mwaka 2011 bunge la jimbo likabadilisha maneno, sasa kipimo ni "ugumu wa kivitendo": matumizi yawe ya maana, shida itokane na hali ya pekee ya kiwanja ambayo si wewe uliyeileta, na sura ya eneo isibadilike. Sheria inasema wazi kwamba hela peke yake si ugumu. Ukisimama ukasema "nikipunguza itanigharimu zaidi," umejimaliza.

Yangu ilikuwa deki tu, kiwanja kina mteremko mkali kwenda ziwani, nikapata. Kazi ngumu haikuwa bodi, ilikuwa kuchimba mashimo ya nguzo inchi 42 kwenda chini ili barafu ya ardhini isizinyanyue.

Fundi Mbao

Narudi kwa hoja moja inayowaumiza watu wengi kuliko zote, kwa sababu kila mwaka naitwa kubomoa.

Kanuni za ujenzi zinazofuatwa na miji mingi zinasema deki isiyozidi futi za mraba 200, isiyozidi inchi 30 juu ya ardhi, isiyoshikizwa kwenye nyumba na isiyo kwenye mlango mkuu wa kutokea, haihitaji kibali cha ujenzi. Watu wakisoma hapo wanafunga kitabu. Kusamehewa kibali cha ujenzi si kusamehewa zoni! Hizo ni ofisi mbili, mara nyingi ni madirisha mawili ya ukumbi mmoja, lakini maswali yao ni tofauti. Huyu wa ujenzi anauliza deki itaanguka au haitaanguka. Wa zoni anauliza imesimama wapi.

Mteja wangu mmoja alijenga mwenyewe, kazi nzuri, nakiri mbao zake zilinyooka kuliko za mafundi wengine ninaowajua. Akaenda bodi baada ya kumaliza. Wajumbe wakamuuliza ugumu uko wapi, akasema "nimeshajenga." Huo ndio ugumu wa kujitakia. Niliikata futi 4 nzima, nikahamisha nguzo tatu, na alinilipa karibu sawa na alizotumia kuijenga.

Halafu Mzee wa Tepu, kabla hujafika popote: tafuta ramani ya upimaji uone kama kuna ukanda uliotengwa kwa bomba au umeme unaopita kwako. Bodi ikikupa varianzi haiwezi kukupa ruhusa ya kujenga juu ya huo ukanda. Na kabla hujachimba piga 811, ni bure, wanakuja kupaka rangi mabomba yalipo.

Jirani wa Upande wa Pili

Mimi nitoe upande ambao hamjautaja. Sikuomba varianzi, niliombewa kando yangu.

Nipo jimbo la New York. Siku moja nikapata barua ya mji: jirani anaomba gereji futi 2 kutoka mpaka wetu. Hakuwahi kunigusia. Kila asubuhi tunapungiana mikono, halafu naletewa habari na posta. Sikuwa na tatizo na gereji, ila ardhi yake iko juu, na besimenti yangu (chumba cha chini ya nyumba) tayari inaingiza maji mvua ikinyesha sana. Nilipiga picha ukuta ulivyolowa nikaenda kwenye kikao.

Huku kwa varianzi ya vipimo wanaweka mizani: faida ya mwombaji upande mmoja, madhara kwa mtaa upande wa pili. Kujitakia kunahesabika lakini hakukunyimi moja kwa moja. Nilizungumza dakika mbili, habari ya maji tu. Wakampa futi 3 na nusu badala ya 2, na sharti la gata zenye bomba la kupeleka maji barabarani. Besimenti yangu sasa ni kavu kuliko zamani.

Angenigongea mlango kabla, ningemwandikia barua ya kumuunga mkono na gata tungezipanga wenyewe.

Toronto Kaskazini

Huku Ontario, Canada, tunaita varianzi ndogo. Kamati inauliza mambo manne: ni ndogo kweli, inafaa kwa kiwanja, na inaheshimu lengo la sheria ndogo ya mji na lengo la mpango mkuu. Tangu mwisho wa 2022 jirani wa Ontario hawezi tena kukata rufaa dhidi yako, ila kwenye kikao bado anaongea na anasikilizwa.

Mzee wa Tepu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita. Fundi Mbao, Mungu akubariki.

Nilimwita mpima ardhi. Fensi niliyokuwa napimia siyo mpaka! Bikoni imekutwa chini ya majani, inchi 14 ndani ya upande niliodhani ni wangu. Maana yake zile futi 3 zangu zilikuwa inchi 22. Ningejenga vile, ningekuwa nimejitafutia kesi.

Lakini mpima huyohuyo akaniletea jambo lingine. Upande wa pili wa kiwanja, ule ambao wote mngeniuliza "kwa nini usisogee huko," kuna ukanda wa futi 14 wa bomba la maji machafu la mji. Bomba limekata kona kwangu tu, kwa majirani linapita barabarani. Nilimpelekea dada wa dirishani ile ramani, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii sasa ndiyo ya kuanza nayo."

Gereji nimeipunguza kutoka futi 24 hadi 22. Sasa inaacha futi 3 na inchi 10, kwa hiyo naomba nisamehewe inchi 14. Zilezile za fensi! Nimemgongea jirani mlango, mzee mmoja mkimya, nikamwonyesha ramani na mahali gata zitakapomwaga maji. Kasoma kila kitu, kaenda ndani, karudi na barua ya mistari miwili iliyosainiwa. Kuhusu fensi hakuna aliyetaja chochote.

Kikao ni Jumanne saa moja usiku. Nina karatasi moja yenye hesabu, picha sita na ile barua. Kuna lingine?

MamaPacha

Usiwaambie habari za barafu.