Paswedi yetu ni ndefu, mbona naambiwa programu ya kufunga faili ina tundu?

wakala_malaba: Habari zenu jamani. Niko Malaba upande wa Uganda, ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Wateja wanatutumia invoisi na picha za pasipoti, tunazifunga na 7-Zip kwa paswedi ya herufi ishirini hivi tunazituma Kampala. Jana kijana aliyekuja kutengeneza printa akachungulia skrini akasema "mzee hii ni 9.20, ya 2010, ina bafa ovafulo", nikamwambia paswedi yetu haivunjiki, akacheka akapanda boda akaenda zake. Sijalala. Na bosi hataki kusikia habari ya kununua kitu. Nifanyeje?

mnubi_bombo: Ssebo kijana hakukudanganya, ila hakukufafanulia. Paswedi haihusiki hapo. Programu ikifungua faili inatenga nafasi kwenye memori, hiyo ndiyo bafa, tuseme jerikeni ya lita 20, sasa faili iliyopikwa na mjanja inaleta lita 25 na programu haikupima, inamimina tu, zile lita 5 zinamwagikia vitu vilivyo pembeni, na pembeni hapo ndipo kompyuta inaweza kuwa imeweka maelekezo ya kitu gani kifuate, basi mjanja anaandika yake. Cisco Talos, watu wa usalama wa kampuni ya Cisco, walitangaza tundu la hivyo 2016, liko sehemu ya 7-Zip inayosoma diski za Mac za HFS+ (mpangilio wa faili wa Mac), likazibwa toleo la 16.00. Wewe uko 9.20, viraka vyote vya baadaye huna, piga hesabu.

wakala_malaba: Lakini hapa hatuna Mac hata moja

mnubi_bombo: Haijalishi kaka, inaangalia kilichomo ndani ya faili sio jina tu. Hatari yako sio unazotuma, ni unazopokea.

boda_ya_data: hamia GPG, ile programu nyingine ya bure ya kufunga faili kwa siri, yaishe

mama_arua: Wee, yaishe wapi. Januari 2021 Libgcrypt 1.9.0, ile maktaba ya kodi ambayo GPG yenyewe inatumia, Tavis Ormandy wa Google alikuta kufungua tu faili kunatosha kufurisha bafa, kabla hata sahihi haijakaguliwa. Sifa yao waliziba haraka, 1.9.1 ilitoka mwezi huohuo. Programu zote hizi zinaandikwa kwa lugha za C au C++ na mtu akisahau kupima ndio hayo, cha muhimu ni uapudeti. Na 7-Zip haijiapudeti, ukikaa miaka kumi nayo itakaa. Mwambie bosi ni ya bure, haimalizi hata MB mbili za bando. Chukua 7-zip.org, usichukue kwa flashi ya mtu.

wakala_malaba: Nimeweka, sasa inaonyesha 25.01. Faili za zamani zimefunguka na paswedi ileile. Ila flashi ya ofisi bado ina ile 9.20 na ndiyo tunayowekea kila kompyuta mpya 😩

mnubi_bombo: Ifute leo kabla bosi hajanunua laptopu nyingine.