Elfu 80 kwa meza ya pool! Eti asukumie chapati!

Wakuu, mikono bado inanitetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Yule jamaa wa Ngamiani mnamjua wote, yule anayeweza kuomba apunguziwe hata sadaka. Leo kaja kwangu.

Meza yangu ni ya jiwe. JIWE! Siyo hizo za mbao za kusaga zinazovimba kwa unyevu wa bahari yetu ya Tanga mpaka mpira unatembea wenyewe upande upande kama kaa. Kitambaa kipya, mipira yote 16 ipo, fimbo nne, na pa kuingizia sarafu hapajawahi kumeza hela ya mtu. Nimetangaza kuiuza 1,200,000 na maongezi yapo.

Kaja na wenzake watatu. "Tuijaribu kwanza, kaka." Wamejaribu toka adhuhuri mpaka alasiri inaadhiniwa, bure, mipira nawafungulia kwa ufunguo wangu, chaki imebaki vumbi. Kisha anainama, anagonga jiwe kama anayechagua tikitimaji, anasema: "Elfu 80. Mbao baki nazo, mie nataka hilo jiwe mke wangu asukumie chapati."

CHAPATI! Jiwe lililoshushwa na wanaume sita! Nimezunguka na pima maji kona zote nne, nachomeka kadibodi chini ya miguu mpaka mgongo ukakataa, mtu anaona kibao cha chapati!

Elfu 80 hata kitambaa na fundi wake haitoshi. Chapati, jamani.

#2 Kaa la Pwani: Mkuu, zinasukumwa chapati ngapi kwa mpigo? Shemeji yenu anauliza.

#3 Mzee wa Makorora: Kosa lako. Michezo mitatu ilitosha, wa nne angetumbukiza sarafu. Halafu hujasema jiwe ni kipande kimoja au vitatu. Kama vitatu, kila ukihamisha kitambaa kinang'olewa na fundi anaunga upya. Hiyo hela mnunuzi lazima aikate.

#4 Mleta uzi: KIMOJA, mzee wangu! Ndiyo maana kakitamani kwa chapati!

#5 Binti Chumbageni: Afadhali wewe kaka. Mimi nauza friji, mtu kaleta samaki wake "tuone kama linagandisha". Asubuhi kaja, kabeba samaki wake, kaondoka!

#6 Kaa la Pwani: Samaki gani, dada?

#7 Binti Chumbageni: Kasema changu. Nyumba mpaka leo inanuka.

#8 Mzee wa Makorora: Changu hanuki hivyo. Hao vibua.

#9 Mleta uzi: Jamani, mie natukanwa na mtu wa chapati, nyie mnaongea vibua?

#10 Wa Baiskeli: Vibua pale soko la samaki la Deep Sea leo fungu bei gani?

#11 Kaa la Pwani: Usinitajie fungu! Jana nimeuziwa, vya juu macho yanang'aa, vya chini vimelainika kama uji. Yule mama mnamjua wote.