Mashine za kujihudumia kwenye maduka ya nguo zimetengenezwa kwa ajili ya nani?

Wakuu, nimetoka dukani sasa hivi na hasira zangu zote, acheni niziweke hapa.

Natafuta suruali nyeusi ya kitambaa, kiuno 34, kesho asubuhi nina usaili. Kwenye rafu naona 30, naona 32, halafu inaruka hadi 38. Namwendea mhudumu, hata macho hainui: "Angalia kwenye mashine."

Haya, nikaenda kwenye mashine, ile skrini ya kugusa ya kutafutia nguo. Kwanza tangazo la video, na hakuna pa kulizima. Likaisha, ikataka namba yangu ya simu. Ya nini? Sijanunua hata soksi, nauliza tu kama nguo ipo! Kitufe cha kuruka hatua hiyo kipo, ila kimefichwa kona ya chini, maandishi ya kijivu juu ya weupe. Mtu mwenye macho mazito hakioni ng'o, ataandika namba yake akidhani ni lazima. Huo ni mtego, na aliyeuweka alijua anachofanya.

Nikaskani lebo ya ile 32, nikagusa 34. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nilihesabu mpaka 14. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya kompyuta ziwe rahisi kutumia, aliandika tangu 1993 kwamba ukimsubirisha mtu zaidi ya sekunde 10, akili yake inahamia kwingine. Miaka yote hiyo, na bado!

Jibu likaja: "Ipo. Idadi: 2."

Ipo WAPI? Rafu gani? Ghorofa gani? Au iko stoo? Kimya. Nikapekua henga moja baada ya nyingine, nikafungua hadi zilizokunjwa mezani, dakika ishirini nzima. Hakuna. Nikarudi kwa yule mhudumu, ndipo akaniambia kwamba kwenye mfumo idadi inapungua nguo ikilipiwa tu. Ikiibwa, ikiachwa chumba cha kujaribia, ikitupwa rafu nyingine, mashine itaendelea kusema ipo. Kwa hiyo walijua! Na siyo kwamba teknolojia hakuna: kuna lebo zenye chipu zinazosomwa kwa mawimbi ya redio, mfanyakazi anapitisha kisomaji mbele ya rafu na nguo zote zinahesabiwa bila kugusa hata moja. Kama hamtaki kugharamia hilo, basi mashine iseme ukweli: "huenda ipo, muulize mhudumu."

Nikiwa pale akaja mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Sehemu ya kutafutia iko juu kabisa ya skrini. Alinyoosha mkono, hakufika, ikabidi amwombe mtu asiyemjua amwandikie saizi yake ya nguo za ndani. Fikirini hilo, saizi ya nguo za ndani, mbele ya foleni! Viwango vya Marekani vya 2010 kuhusu watu wenye ulemavu vinataka vitu vya kuguswa visizidi inchi 48 kutoka sakafuni, kama sentimita 122. Ni suala la kuteremsha vitufe tu, wala halihitaji mtaalamu kutoka mbali.

Na kinachoniuma zaidi ni mahali walipoiweka: mlangoni, pembeni ya manukato. Mlangoni nina shida gani? Shida ya saizi inampata mtu akiwa nyuma ya pazia, ameshavua, suruali imegoma mapajani. Pale ndipo anapohitaji kugusa kitu na kuletewa nyingine, badala ya kuvaa upya, kutoka, kupekua, na kurudi kukuta chumba kimeshachukuliwa.

Kama humu kuna mtu anayebuni hizi mashine, ajitokeze anijibu moja tu: nafasi ya tangazo mliipata, nafasi ya namba ya simu mliipata, kwa nini kitufe cha "niletee saizi hii" kilikosa nafasi?