4711, Acqua di Parma Colonia au Eau Sauvage: zinaachana wapi ngozini?

Mlimau
Wakuu, hizi chupa tatu za manukato zote zinaanza na limau na bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), na kwenye karatasi ya kunusia ya dukani ni vigumu kuzitofautisha. Nataka ya kazini, joto la Dar. Ipi inabaki na nini baada ya saa tatu?

Rihani
Karatasi haina joto wala mafuta ya ngozi, usiamue nayo. Sekunde 30 za kwanza unanusa spiriti. Kisha inakuja limonini, sehemu kubwa ya mafuta ya limau na chungwa. Molekuli zake ni ndogo, zinaruka upesi. Bergamoti inakawia kidogo kwa sababu ina linalili asetati kwa wingi, kiungo kisichoruka upesi kama limonini. Chupa zako tatu zinaanza kuachana kama dakika ya 20.

4711 inashukia kwenye maua ya mdanzi, rozmari na lavenda, halafu inaisha. Inadumu saa moja na nusu, mbili ukibahatika. Watu huilaumu bure: koloni (cologne, manukato mepesi) ya jadi ina mafuta ya manukato kama asilimia 2 hadi 5 tu, iliyobaki ni spiriti na maji. Imetungwa ipakwe tena na tena.

Eau Sauvage ni jambo jingine kabisa. Edmond Roudnitska aliitunga mwaka 1966 akatumia Hedione, kiungo cha maabara chenye harufu ya yasmini nyepesi mno. Hiyo hairuki haraka kama limonini, kwa hiyo ule ubichi wa limau unaonekana kuendelea wakati limau lenyewe limeshaondoka. Chini yake kuna vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu) na kuvumwani ya mwaloni. Kwa saa tatu, chukua hii.

Danzi Chungu
Nakubali kuhusu kudumu, ila kwa ofisi yenye watu wengi ningeanza na Colonia. Ni ya mwaka 1916. Katikati ina lavenda, rozmari na waridi, chini msandali na vetiva. Inakuwa kama sabuni nzuri ya kunyolea, na haimsumbui jirani. Eau Sauvage ukipuliza mara tano kwenye joto, harufu yake ya mitishamba inakuwa kali.

Fundi wa Marashi
Mlimau, jaribu hivi. Osha mikono kwa sabuni isiyo na harufu, kausha vizuri. Puliza mara moja tu, umbali wa sentimita 15, kila moja mahali pake: mbili kwenye vifundo vya mikono, ya tatu ndani ya kiwiko. Nusa dakika ya 1, ya 20, saa ya 2, saa ya 4. Usisugue, unaipasha moto na kuikimbiza harufu ya juu, yaani ile ya mwanzo, ambayo ndiyo uliyoilipia.

Ngozi kavu humaliza koloni mapema. Paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo sana. Mafuta ya nazi ya kukamuliwa nyumbani yana harufu yake, yatakuharibia jaribio.

Rihani
Na chupa isikae kwenye gari. Limonini ikishaingiliwa na hewa, joto na mwanga, harufu ya juu inageuka kama tapentaini, na inaweza kuwasha ngozi. Droo yenye giza inatosha.

Danzi Chungu
Wanaojichanganyia nyumbani: mafuta ya bergamoti au ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda yana bergapteni, kemikali inayoifanya ngozi idhurike na jua. Ukiyapaka ukatoka juani, ngozi inaungua na kubaki na madoa meusi. Tafuta bergamoti iliyoondolewa bergapteni. Chupa iandike hivyo wazi.

Mlimau
Nimeelewa. Colonia kifundo cha kulia, Eau Sauvage cha kushoto, 4711 ndani ya kiwiko, tangu saa mbili asubuhi.

Fundi wa Marashi
Sawa. Ila usile chungwa kwa mikono hiyo kabla ya saa ya 4.